Kosa Halikuwa la Kebo

Kwenye ripoti niliyoisaini Agosti 2021 kuna sentensi hii: "Chanzo cha tatizo ni kebo iliyochomoka baada ya kuguswa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo." Niliiandika mimi. Ni kweli kebo ilichomoka, na ni kweli aliyeigusa ni mwanafunzi. Lakini sentensi yenyewe ni ya uongo, na niliijua kuwa ya uongo nilipokuwa naiandika.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa seva katika taasisi moja ya fedha yenye makao yake Dar es Salaam na matawi mikoani. Seva zetu zilikuwa 31. Nenosiri la root, yaani la msimamizi mkuu, la kila seva lilikaa kwenye faili la Excel, na faili hilo lilikuwa kwenye kompyuta yangu na ya mwenzangu mmoja. Mkaguzi alipoliona aliandika hoja, na hoja ya mkaguzi haiachwi ilale. Ikaamuliwa tufunge programu ya kusimamia seva zote kutoka mahali pamoja: itunze manenosiri kwa usimbaji, iyabadilishe yenyewe kila Jumapili usiku, isambaze masasisho, iendeshe bakapu, na ituarifu seva ikizimika.

Programu ya namna hiyo ikishaingia, kila kitu kinapita mikononi mwake. Ikifa, mafundi mnabaki kama walinzi waliofungiwa nje ya geti. Kwa hiyo haikufaa kuiweka kwenye seva moja. Tukakubaliana iwe klasta ya seva mbili, moja ikifanya kazi na ya pili ikisubiri, ili ya kwanza ikianguka ya pili ichukue nafasi kabla mtu hajanyanyua simu. Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliipokea kwa furaha. Nilikuwa nimeisoma sana, ingawa mikono yangu ilikuwa haijaifanya hata mara moja.

Niliijenga kwa vitu vitatu ambavyo mafundi wa Linux wanavijua. Cha kwanza ni Corosync, ambayo kazi yake inafanana na watu wawili wanaotembea gizani wakiitana: upo? Nipo. Upo? Nipo. Kwa mpangilio wetu, sekunde moja tu bila jibu ilitosha mmoja kuanza kuamini kwamba mwenzake hayupo. Cha pili ni DRBD, inayonakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva moja kwenda diski ya seva nyingine papo hapo. Programu haiambiwi kwamba data imeandikwa mpaka diski zote mbili zikiri kuipokea. Cha tatu ni Pacemaker, msimamizi anayeamua huduma ikae upande gani, diski ifunguliwe wapi, na ile anwani ya IP ya pamoja, ambayo watumiaji wote wanaifuata, ishikwe na seva ipi.

Kwenye muundo huu kuna swali moja gumu kuliko mengine yote, na seva haiwezi kulijibu peke yake. Mwenzangu akinyamaza, amekufa, au ni njia tu kati yetu iliyokatika? Kwa aliye gizani hali hizo mbili hazina tofauti. Akidhani mwenzake amekufa, kumbe yu hai, atafungua diski yake aanze kuandika, huku mwenzake naye akidhani hivyohivyo na kuandika kwenye diski ya kwake. Mafahali wawili zizi moja. Mafundi wa klasta huiita hali hiyo ubongo uliogawanyika, na hawaiogopi hivihivi. Seva iliyozimika unaiwasha. Data iliyoandikwa na wakuu wawili, kila mmoja na daftari lake, hakuna wa kukuunganishia.

Dawa yake ina jina la kutisha: STONITH, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mpige mwenzako risasi ya kichwa". Maana yake ni kwamba seva isiyosikia jibu isikisie. Kabla haijashika huduma, iende kwenye kadi ya usimamizi ya mwenzake, ile kadi ndogo yenye kebo yake na anwani yake inayoweza kuwasha na kuzima mashine hata mfumo ukiwa umeganda, imkatie umeme. Ikipata uthibitisho kwamba amezimika, hapo ndipo iendelee. Ni ukatili unaookoa. Huhitaji tena kujua kama mwenzako alikuwa hai au mfu, maana umehakikisha.

Niliifunga. Hilo nalisema kwa sababu kuna makosa ya kutojua, na langu halikuwa mojawapo. Niliunganisha kadi za usimamizi, nikaingiza anwani na manenosiri yake, na usiku mmoja wa mwezi Februari, nikiwa peke yangu kwenye chumba cha seva, nikachomoa kebo iliyounganisha mashine zile mbili ili nione nani atampiga nani. Zilipigana zote kwa wakati mmoja. Kila moja iliiona nyingine imenyamaza, kila moja ikatuma amri, na zote zikazimika mbele ya macho yangu, feni zikatulia. Ilikuwa saa saba usiku. Jumatatu iliyofuata tulitakiwa kuizindua mbele ya menejimenti.

Sasa najua kwamba jambo lile ni la kawaida kabisa kwa klasta ya seva mbili, na dawa yake ni mstari mmoja: unaweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa upande mmoja, ili wakigeukiana mmoja awahi na mwingine aanguke. Usiku ule sikujua, wala sikumwuliza mtu. Niliogopa. Niliona mfumo niliouahidi ukijiua, nikafuta STONITH yote.

Pacemaker ilikataa kuendelea. Ni programu yenye uungwana wake: ikaniandikia kwamba haitawasha huduma yoyote kwa kuwa hakuna STONITH iliyowekwa. Ikaongeza kwamba niiweke au niizime kwa makusudi. Kisha mstari wa tatu ukanikumbusha kwamba klasta yenye data ya pamoja inaihitaji ili data isiharibike. Niliisoma yote mitatu. Nikaandika amri ya kuizima. Amri nyingine, ya kuiambia klasta isijali akidi, nilikuwa nimeshaiandika kabla ya jaribio lile.

Akidi ni neno ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa ushirika analijua. Bila wajumbe wa kutosha, hakuna maamuzi. Klasta nayo hupiga kura hivyohivyo, na hutaka zaidi ya nusu, ila ikiwa na wajumbe wawili tu na mmoja akakosekana, aliyebaki ana nusu kamili, na nusu haitoshi. Kwa hiyo nilikuwa na walinzi wawili mlangoni, akidi na STONITH, na mmoja baada ya mwingine niliwafukuza wote wawili. Skrini ikawa ya kijani. Jumatatu nilizima seva ya kwanza mbele ya wakubwa, ya pili ikachukua nafasi ndani ya nusu dakika, wakapiga makofi. Jaribio lile lilikuwa la kifo cha kweli. La ukimya sikulifanya, kwa kuwa nilijua nini kingetokea.

Miezi sita ikapita salama.

Julai akaja kijana wa chuo kwa mafunzo ya vitendo. Mtulivu, anayeandika kila kitu kwenye logbook yake kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Ijumaa moja nilimwambia apange nyaya za raki, azifunge vizuri, maana zilikuwa zimesokotana kama mizizi ya mkoko. Sikumwambia ipi ya kuogopa. Kebo iliyounganisha seva zile mbili moja kwa moja, ambayo ndiyo pekee iliyobeba sauti za Corosync na nakala za DRBD, kilimi chake cha plastiki kilikuwa kimekatika zamani, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Alipoisogeza ililegea.

Kila seva ikaiona nyingine imekufa. Hapakuwa na STONITH wala akidi. Zote zikafungua diski zao, zote zikashika ile anwani ya pamoja.

Saa 11:40 jioni, mimi nikiwa tayari kwenye daladala, alinitumia picha kwa WhatsApp. Alikuwa amezipiga picha skrini mbili kwa pamoja. Kwenye kila moja, seva inajitaja kuwa ndiyo kuu, na mwenzake ameandikwa hayupo. Chini yake aliandika: "Kaka, samahani, zote mbili zinasema mwenzake hayupo. Hii ni kawaida?" Nilijibu: "Kawaida hiyo, Jumatatu tutaangalia." Sikuipanua ile picha. Kama ningeipanua kwa vidole viwili ningelielewa tatizo lote kabla sijafika Mwenge.

Jumapili usiku saa ya kubadilisha manenosiri ikafika, na wakuu wote wawili wakaenda kazini. Waliingia seva kwa seva. Aliyetangulia kufika kwenye seva fulani alibadilisha nenosiri, akaliandika kwenye kanzidata yake. Aliyefuata akakuta nenosiri alilonalo halifanyi kazi, akaandika kwamba ameshindwa. Mmoja alizipata seva 20, mwingine 11. Hakuna kati yao aliyekuwa na kitabu kizima.

Jumatatu asubuhi nilifungua programu, nikaona kijani 20 na nyekundu 11. Nikashuka chumba cha seva, nikaiona kebo, nikaichomeka. DRBD ikagundua kwamba pande zote mbili zimeandika, ikakataa kuziunganisha, ikaniachia mimi niamue. Uamuzi wenyewe unafanywa kwa amri ambayo sitaisahau. Unakwenda kwenye seva utakayoitoa kafara na kuiambia iunganishwe tena huku ikitupa data zake. Ndivyo inavyosomeka, kama kauli ya seva yenyewe: tupa data zangu.

Nilihesabu 20 dhidi ya 11. Nikajiambia mwenye 20 ndiye sahihi, na zile nyekundu zitajirekebisha mambo yakitulia. Sikufungua upande wa pili hata mara moja. Ningeufungua ningekuta zile 11 ni za kijani. Nakala ya diski ile ingechukua nusu saa, na hata nafasi ya kuiweka nilikuwa nayo. Lakini simu zilikuwa zinalia, nikabonyeza. DRBD ikaanza kunakili upande mmoja juu ya mwingine, asilimia zikipanda taratibu, na kila asilimia iliyopanda ilikuwa inafuta manenosiri ya seva 11 yaliyokuwa hayapo popote pengine duniani.

Kufika saa nne nilikuwa nimeelewa.

Kwa mpangilio wetu, seva usiyo na nenosiri lake la root ilikuwa na njia moja. Unakwenda ilipo, unaizima, unaiwasha kwa njia ya matengenezo ukiwa umesimama mbele yake na kibodi mkononi, unaandika nenosiri jipya. Tatu zilikuwa palepale makao makuu. Nane zilikuwa Morogoro, Dodoma, Iringa, Mbeya, Tanga, Moshi, Lindi na Mtwara. Kabla sijasafiri nikatakiwa kuandika ripoti.

Hapa ndipo maungamo yangu hasa yalipo. Mengine yote ni ya ufundi, na fundi hukosea. Nilikaa mbele ya ripoti ile nikijua kwamba katika jengo zima hakuna mtu mwingine anayejua STONITH ni nini. Hakuna ambaye angeuliza. Kebo kila mtu anaielewa. Mwanafunzi kila mtu anamwelewa. Nikaandika kebo, nikaandika mwanafunzi, nikasaini. Picha aliyonitumia sikuiambatisha. Siku iliyofuata aliambiwa asirudi. Alikuja mezani kwangu kuniaga, akasema, "Kaka, asante kwa kunifundisha," akaacha logbook yake nimsainie wiki ya mwisho, kwa kuwa kanuni za chuo zinataka hivyo. Sikuweza kumwangalia.

Safari ilinichukua siku tisa, kuanzia stendi ya Mbezi alfajiri, skrini ndogo na kibodi vikiwa kwenye begi mapajani. Kwenye kila tawi ilibidi huduma isimame kwa dakika kadhaa, na wateja waliokuwa foleni walingoja. Dodoma mama mmoja wa makamo alikuwa amekuja na risiti zake zimefungwa kwenye kitambaa, na aliniuliza kwa upole kama hela zake ziko salama. Zilikuwa salama, seva ile haikuwa na tatizo zaidi ya mlango kufungwa. Lakini swali lile lilibaki nami mpaka Mbeya.

Kwenye nyumba ya wageni Lindi nilisoma maelezo ya GitHub, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, kuhusu tukio lao la tarehe 21 Oktoba 2018. Mawasiliano kati ya kitovu chao cha mtandao na kituo chao kikuu cha data, vyote vya pwani ya mashariki ya Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Katika sekunde hizo programu yao ya kusimamia kanzidata, Orchestrator, ikahamishia ukuu pwani ya magharibi, wakati upande wa mashariki ulikuwa na maandiko ambayo magharibi haijayapata. Kila upande ukawa na data isiyo upande wa pili. Wao hawakutupa. Walichagua huduma izorote kwa saa 24 na dakika 11 huku wakirejesha bakapu na kuoanisha, kuliko kupoteza data za watu. Na kabla mwezi haujaisha walichapisha yote, dakika kwa dakika, pamoja na maamuzi yao na mapungufu ya muundo wao. Nilitafuta mahali walipomtaja mtu aliyegusa kifaa. Hapapo. Walieleza kwamba chanzo kilikuwa matengenezo ya kawaida ya kubadilisha kifaa cha mtandao, kisha wakaeleza kwa nini mfumo wao haukustahimili sekunde 43.

Nililala nikiwaza kebo yangu. Kazi ya klasta ni kustahimili kebo kuchomoka. Ndiyo sababu tuliijenga. Klasta inayoanguka kwa sababu kijana amesogeza waya ilikuwa imeshaanguka tangu Februari.

Niliporudi, logbook ilikuwa palepale mezani. Niliifungua kwenye ukurasa wa Ijumaa ile. Ameandika: "Nimepanga nyaya za raki. Nimeona seva zote mbili zinadai ukuu. Nimemtaarifu msimamizi." Chini yake mstari mtupu wa saini yangu.

Mkuu wetu wa kitengo cha TEHAMA alikuwa mama mmoja ambaye hakupenda maneno mengi. Niliingia ofisini kwake na logbook na simu yangu.

"Mama, ile ripoti ya seva si sahihi."

Aliipanua ile picha, akausoma ujumbe, akasoma na jibu langu. Kisha akaniuliza swali moja: "Ulijua wakati unaisaini?"

"Nilijua, Mama."

Hakupandisha sauti. Alisema kosa la seva angenisaidia kulibeba, lakini la kijana yule nilibebe mwenyewe. Nilipewa barua ya onyo, na haki yangu ilikuwa hiyo au zaidi. Chuo kiliandikiwa. Lakini barua ilifika wakati muda wa mafunzo umeshakwisha, na kijana akawa ameshaambiwa ayarudie mwaka unaofuata. Mwaka wa mtu uliondoka, na barua yangu haikuweza kuurudisha.

Klasta niliijenga upya Septemba. Corosync sasa inapita njia mbili, kebo ya moja kwa moja na mtandao wa kawaida. Kuna mpiga kura wa tatu, kompyuta ndogo iliyo chumba kingine, asiye na data yoyote. Kazi yake ni kura tu, ili akidi ipatikane. STONITH imewashwa, na upande mmoja umecheleweshwa sekunde kumi. Programu hairuhusiwi tena kubadilisha manenosiri bila kuhakikisha kwanza kwamba seva zote mbili zinasikilizana, na nakala iliyosimbwa ya manenosiri yenyewe inatoka nje ya klasta kabla na baada ya kila zamu. Tuliijaribu kwa kuchomoa kebo moja, kisha zote, mchana kweupe, watu wote wa kitengo wakiwepo. Moja ilizimwa, moja ikabaki. Wenzangu sasa wanajua STONITH ni nini. Mwenzangu wa zamu anaweza kuieleza bila karatasi.

Kijana nilimpigia simu jioni ya siku niliyotoka ofisini kwa Mama. Nilimweleza yote, kuanzia usiku ule wa Februari. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nilimwomba msamaha, akasema, "Nimekusikia, kaka." Hakuongeza hapo, na sikumlazimisha. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza kama logbook yake bado ninayo, kwa sababu mwaka ujao chuo kitaitaka.

Nilimtumia kwa basi asubuhi iliyofuata, ukurasa wa Ijumaa ukiwa na saini yangu.